Zima data kwanza: kuitambua zana ya PDF isiyoondoka na nyaraka zako

Jumatatu, tarehe 13 Mei 2024, mtandao hapa Mwanza ulikuwa unakuja na kupotea. Jana yake nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoguswa vibaya. Kwenye steshenari ninakofanya kazi, jirani na Makoroboi, watu walijipanga mpaka nje barazani.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa ameshuka meli ya Nansio, bahasha ya kaki kaikumbatia kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mwanasheria anataka hizi zote ziwe kitu kimoja, halafu uzitume kwenye hii imeili. Kasema zisiwe nzito."

Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha kifo cha mumewe, cheti chao cha ndoa, muhtasari wa kikao cha ukoo, nakala ya kitambulisho chake cha taifa na hati ya kiwanja. Ni mambo ya mirathi. Ukiyasoma makaratasi matano kama hayo unamjua mtu kuliko jirani yake anavyomjua: ameolewa lini, amefiwa lini, anamiliki nini, na nani kwenye ukoo alikataa kusaini.

Niliskani, nikafungua tovuti niliyozoea kuunganishia PDF, nikapakia. Duara likazunguka, likazunguka, likagoma. Nikajaribu mara tatu. Kwenye kompyuta ya pembeni kulikuwa na tovuti nyingine ya kazi hiyohiyo, mwenzangu aliifungua Jumamosi na hakuifunga. Nilihamisha mafaili kwa flashi, nikayaburuta juu ya ukurasa ule, nikabonyeza. Yakaungana hapohapo, na mtandao haupo. Imeili yenyewe ilisubiri mpaka jioni, lakini faili lilikuwa tayari.

Usiku ule sikulala vizuri. Kama ile ya pili imefanya kazi bila mtandao, basi faili halikwenda popote. Na kama ile ya kwanza imeshindwa kwa sababu ya mtandao, basi miaka yote niliyoitumia mafaili ya watu yalikuwa yanakwenda mahali. Wapi? Sikujua. Nilikuwa nimepakia vyeti vya kidato cha nne, taarifa za benki, majibu ya hospitali, mikataba ya kuuziana mashamba, na hakuna hata mteja mmoja niliyemwambia kwamba karatasi yake inasafiri.

Makala hii ni yale niliyojifunza tangu siku ile. Nayaandikia watu wawili: anayetumia zana hizi, na kijana anayezitengeneza na kushangaa kwa nini watu hawamwamini hata akiandika kwa herufi kubwa kwamba anajali faragha.

Zana mbili zinazofanana usoni

Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zote zina kisanduku katikati, maandishi "buruta faili hapa", kitufe cha kubonyeza, na mwisho kitufe cha kupakua. Tofauti imo chini ya sakafu.

Katika aina ya kwanza, kivinjari chako ni mjumbe tu. Kinalichukua faili zima, kinalisafirisha mpaka kwenye seva, yaani kompyuta ya mtu mwingine ambayo huenda iko Ulaya au Marekani. Kule linafunguliwa, linaunganishwa au kupunguzwa, kisha linarudishwa. Ni sawa na kumpa konda wa basi bahasha yako aipeleke Dar es Salaam ikagongwe muhuri na irudi. Inaweza kurudi salama kila siku kwa miaka kumi. Lakini njiani na kule ilikofika, wewe hukuwepo.

Katika aina ya pili, kinachosafiri ni fundi. Ukifungua ukurasa, programu yenyewe inashushwa na kukaa ndani ya kivinjari chako, kisha inafanya kazi yote hapo ulipo kwa nguvu ya kichakataji cha kompyuta au simu yako. Faili unalolichagua linasomwa kutoka kwenye diski yako na kuingia kwenye kumbukumbu ya kivinjari. Kazi ikiisha, faili jipya linatoka hapohapo.

Zamani jambo hili lisingewezekana kwa kiasi hiki. PDF ilitoka mwaka 1993 kwenye kampuni ya Adobe, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO, maana yake mtu yeyote anaruhusiwa kuandika programu ya kuisoma. Vivinjari navyo vilikua taratibu. Mwaka 2013 Firefox ilianza kufungua PDF kwa programu iliyoandikwa kwa JavaScript tupu, lugha ambayo kivinjari chenyewe kinaielewa, bila kiambatisho chochote cha nje. Mwaka 2017 vivinjari vyote vikubwa vikawa vinaelewa WebAssembly, njia inayoruhusu programu nzito zilizoandikwa kwa lugha kama C kukimbia ndani ya kivinjari kwa kasi inayokaribia ile ya programu iliyosakinishwa. Tangu hapo kuunganisha PDF, kupunguza uzito, kuzungusha kurasa, kuweka nywila, hata kusoma maandishi kutoka kwenye picha, vyote vinafanyika bila faili kutoka.

Kwa mtu wa hapa kuna faida nyingine ambayo watengenezaji wa mbali huisahau kuitaja, nayo ni bando. Faili la MB 30 ukilipeleka kwenye seva, umekula MB 30 za kupakia, na likirudi na MB 4 umezilipia hizo pia. Kesho unaanza upya. Zana inayofanya kazi kwenye kivinjari unaishusha mara moja, pengine MB chache, na mafaili yote ya siku hiyo hayakugharimu kitu. Mwanafunzi wa Malimbe anayehangaika na vyeti vyake usiku, bando la mwisho likiwa limebaki kidogo, anaielewa hesabu hii haraka kuliko hotuba yoyote ya faragha.

Mshale wa mizani

Tatizo ni kwamba zana zote mbili zinaandika maneno yaleyale. "Nyaraka zako ziko salama." "Tunaheshimu faragha yako." "Mafaili hufutwa baada ya saa moja." Hili la mwisho naliona kila mahali, na ndilo gumu kuliko yote. Inawezekana ni kweli. Wengi wao huenda wanafuta kama wanavyosema. Ila mimi niliyekaa Makoroboi sina njia hata moja ya kuona kilichofutwa kwenye kompyuta iliyo nchi nyingine. Sioni nakala za akiba zao, sijui ni mfanyakazi yupi ana ufunguo, wala siwezi kujua kama kampuni hiyo mwakani itauzwa kwa mtu mwenye mawazo mengine.

Watu wengi wananiambia, "Lakini ina kufuli pale juu." Kufuli lile lilimaanisha kitu kimoja tu: kwamba mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa, mtu wa katikati hawezi kuyasoma. Halikuwahi kusema kama mwenye tovuti ni mwema. Tapeli naye anaweza kupata kufuli, tena bure. Google walipofanya utafiti wao mwaka 2021 walikuta asilimia 11 tu ya walioshiriki ndio walioelewa sawasawa maana ya alama hiyo, na mwaka 2023 wakaiondoa kwenye upau wa anwani wa Chrome, wakaweka alama nyingine isiyoahidi usalama.

Na hatari si ya kufikirika. Mwezi Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo kuhusu tovuti za bure za kubadilisha mafaili. Baadhi zilikuwa zinafanya kweli kazi zilizoahidi, huku faili linalorudi limebeba programu hasidi, na nyingine zikichota taarifa kutoka kwenye nyaraka zilizopakiwa. Hapo ndipo pagumu: kazi inafanyika. Mteja anaondoka ameridhika.

Hebu mfikirie mnunuzi wa sangara pale Mwaloni, Kirumba. Hamuulizi muuzaji kama ni mwaminifu. Kabla samaki hajawekwa, anatazama mshale kama umesimama kwenye sifuri. Anatafuta muhuri wa Wakala wa Vipimo. Akiwa na wasiwasi, anabeba samaki wake na kupima tena kwenye mizani ya jirani. Muuzaji mwenye akili hakasiriki. Anaigeuza mizani imwelekee mteja. Biashara ya watu wasiofahamiana inawezekana kwa sababu kipimo kinaonekana na wote wawili.

Zana ya nyaraka inayotaka kuaminiwa inatakiwa kugeuza mizani yake vivyo hivyo. Tena zana inayofanya kazi ndani ya kivinjari ina bahati ambayo ile ya seva haina: kinachoahidiwa kinaweza kupimwa na mtu wa kawaida, kwa kidole.

Kipimo chenyewe, na mipaka yake

Fungua tovuti. Subiri imalize kufunguka. Kisha zima data na Wi-Fi, au weka simu kwenye hali ya ndege. Sasa chagua faili na ufanye kazi yako. Ikikubali, basi kazi imefanyika kwenye kifaa chako. Hakuna mlango mwingine faili lingepitia. Ikigoma na kulalamika kwamba hakuna mtandao, mara nyingi ni zana ya seva. Nasema mara nyingi kwa sababu zipo zana nzuri zinazoshusha sehemu ya programu pale tu unapobonyeza kitufe. Hizo jaribu kwanza kwa faili lisilo na maana, picha ya ukuta kwa mfano, ili programu yote ishuke, halafu zima data na ujaribu tena.

Nimewaonyesha watu wengi jaribio hili na linafanya kazi ambayo maelezo hayafanyi. Mtu anaona kwa macho yake alama za mtandao hazipo na faili limepungua. Uso unabadilika.

Lakini nisiseme uongo kwa kulikuza. Kufanya kazi bila mtandao kunathibitisha kwamba zana haihitaji kulituma faili. Hakuthibitishi kwamba haitalituma baadaye. Ukurasa wenye nia mbaya unaweza kulihifadhi faili kwenye ghala dogo la ndani ya kivinjari, ukakaa kimya, na data ikiwashwa tu ukalisukuma. Dawa yake ni kufanya kazi hii kwenye dirisha la hali fiche (incognito), kulifunga kabisa baada ya kuhifadhi faili lako, na ndipo uwashe data. Dirisha la hali fiche la mwisho likifungwa, kivinjari kinafuta ghala lile.

Aliye na kompyuta anaweza kwenda mbali zaidi. Bonyeza F12 kwenye Chrome, Edge au Firefox, uchague sehemu inayoonyesha mawasiliano ya mtandao, kisha fanya kazi yako data ikiwa imewashwa. Kila kinachotoka kinaandikwa pale, mstari kwa mstari, na ukubwa wake. Faili lako likiwa la MB 12 na ukaona hakuna kilichotoka, au vimetoka vitu vya KB chache tu, umepata picha. Mara ya kwanza orodha inatisha kwa wingi wa majina. Usihangaike kuyaelewa yote. Tafuta mzigo mkubwa, na tafuta majina ya tovuti ambazo hukuzifungua.

Hayo majina ya kigeni yanastahili tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo zana nyingi zenye nia njema zinapojikwaa. Mtengenezaji anaandika zana safi isiyotuma faili. Halafu anaongeza kipande cha kuhesabu wageni, cha kampuni nyingine. Anaongeza matangazo. Anaongeza kisanduku cha mazungumzo na wateja. Vipande hivi, vikiwekwa ndani ya ukurasa kwa njia ya kawaida, vinapata madaraka yaleyale aliyonayo mwenye nyumba: vinaweza kuona jina la faili, kusoma ulichoandika, hata kulifikia faili lenyewe. Si kwamba vyote vinafanya hivyo. Ila ahadi ya "hatulioni faili lako" sasa imekuwa ahadi kwa niaba ya watu watano ambao mtengenezaji hawezi kuwadhamini. Mimi nikikuta ukurasa umejaa matangazo na juu yake pameandikwa faragha, naufunga.

Kuna njia ya kiufundi ambayo ningependa kila mtengenezaji aijue. Tovuti inaweza kukiagiza kivinjari, pale ukurasa unapofunguka, kwamba ukurasa huu usiruhusiwe kuwasiliana na anwani yoyote isipokuwa hizi zilizotajwa, au na yoyote kabisa. Baada ya hapo kivinjari chenyewe ndicho kinachokaba, hata kama msimbo wa ndani, yaani maandishi ya programu yenyewe, ungejaribu kutoroka. Agizo hilo linasomeka na mtu yeyote kupitia palepale F12. Si ukuta usio na tundu, kwa sababu ukurasa bado unaweza kujaribu kukuhamishia kwenye kiungo kilichobeba taarifa, lakini linaziba njia kubwa, na linaonyesha kwamba mwenye zana amefikiria.

Sasa nije kwenye ugumu ambao binafsi naona ndio kiini cha suala zima. Programu uliyosakinisha kwenye kompyuta ni ileile mpaka uisasishe. Tovuti inashushwa upya. Uliipima Jumatatu ikawa safi. Alhamisi mwenyewe kaiuza, au mwizi kaingia kwenye seva yake na kubadilisha msimbo, na wewe unafungua anwani ileile, sura ileile. Kuweka msimbo hadharani kunasaidia sana, kwa sababu wajuzi wanaweza kuusoma, ila bado haikuhakikishii kwamba msimbo uliowekwa hadharani ndio huohuo ulioletewa wewe leo asubuhi.

Suluhisho ninalolipenda ni la kizamani. Zana nyingi za aina hii zinaweza kuandikwa zikawa faili moja tu la HTML, yaani ukurasa wa tovuti unaofunguka kwenye kivinjari. Unalishusha, unaliweka kwenye flashi, na unalifungua kwa kubonyeza mara mbili, mtandao ukiwa umechomolewa. Halibadiliki usiku. Unaweza kumpa mwenzako wa Sengerema naye akalitumia bila kununua bando. Mtengenezaji akiweka kitufe cha "shusha zana hii yote", amenipa kitu kikubwa kuliko kurasa kumi za sera, kwa sababu kuanzia hapo simhitaji tena.

Kifaa cha nani?

"Faili haliondoki kwenye kifaa chako." Sentensi hii nimeikuta kwenye karibu kila zana ya aina hii, na imeandikwa na mtu anayeamini kwamba kila msomaji ana kompyuta yake mezani. Hapa kwetu si hivyo. Mama wa Nansio hana kompyuta. Kijana anayeomba kazi serikalini anakuja steshenari. Kifaa ni changu mimi, au cha bosi wangu, na kwa siku kinapitiwa na wageni wengi wasiojuana.

Hivyo zana inaweza kuwa safi kama maji ya mvua na siri ya mteja bado ikabaki nyuma. Faili lililoskaniwa liko kwenye folda ya picha. Faili lililounganishwa liko kwenye vipakuliwa. Kama lilikuja kwa WhatsApp, basi WhatsApp ya kwenye kompyuta huenda bado iko wazi kwa jina la mteja aliyeondoka saa mbili zilizopita. Viendelezi vya kivinjari, vile vidude vya kuongezea kama kizuia matangazo au kipakua video, vingi vina ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaofunguliwa, na hakuna zana ya nyaraka inayoweza kujikinga navyo. Hali fiche inavizima mpaka uviruhusu mwenyewe, hiyo ni sababu nyingine ya kuitumia.

Wanaouliza "kwani kuna ubaya gani, ni kopi ya kitambulisho tu" huwa nawaomba waitazame namba yao ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Namba hiyohiyo ndiyo inayosajili laini ya simu pamoja na alama ya kidole, na laini ya simu ndiyo iliyobeba pesa zako. Ukiitoa kopi hiyo pamoja na sahihi yako na namba ya kiwanja, umemrahisishia sana kazi mtu mwenye nia mbaya.

Pia nimeona watu wakijaribu kuificha namba hiyo kwa kuchora kisanduku cheusi juu yake kwenye PDF. Kama waraka ni picha na ukauhifadhi tena kama picha, sawa. Kama ni PDF yenye maandishi halisi, kisanduku kimekaa juu na maandishi yako chini yake, yanasubiri mtu ayanakili. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump huko Marekani, waliwasilisha mahakamani waraka ulioziba mistari kwa weusi, na waandishi wa habari wakaisoma yote kwa kunakili na kubandika. Zana ya kweli ya kuficha inayafuta maandishi yenyewe. Ijaribu: baada ya kuficha, chagua eneo lile jeusi, nakili, bandika kwenye sehemu ya kuandikia, uone kinachotokea.

Kwa wanaozitengeneza

Najua kuna vijana hapa Mwanza wanaoandika programu nzuri. Ningeomba waanze na kuandika sentensi ambayo inaweza kupingwa. "Tunajali faragha" haiwezi kupingwa, hivyo haina uzito. "Zima data yako sasa hivi, zana itaendelea kufanya kazi" inaweza kupingwa ndani ya sekunde kumi, na ndiyo maana inaaminika. Iweke juu kabisa, kwa Kiswahili, kabla ya kitufe.

Halafu sema kinachotoka. Kila tovuti ina kitu inachokipokea: anwani ya mtandao ya mgeni, saa aliyofika, aina ya kivinjari. Ukidai hakuna chochote kabisa kinachotoka na mtu akafungua F12 akakuta mistari miwili, umekwisha, hata kama mistari hiyo haina madhara. Na kama kuna kazi moja ambayo kivinjari hakiiwezi, mathalani kufupisha waraka kwa akili unde kubwa, usiichanganye na nyingine kimyakimya. Iweke pembeni, ipe rangi yake, na uulize kabla ya kutuma: faili hili litatoka, linakwenda kwa fulani, endelea? Mteja anayeulizwa mara moja kwa uwazi anakuamini zaidi kwenye zile kazi nyingine tisa.

Sema pia unaishije. Mtu wa Mwanza akipewa kitu bure anauliza kimoyomoyo nani analipa, na ana haki. Kama unalipwa na kampuni zinazonunua toleo kubwa, sema. Kama ni mradi wako wa jioni na gharama ni ndogo kwa sababu hakuna seva ya kuchakata chochote, sema hivyo, maana ni kweli kwamba zana isiyopokea mafaili haina gharama kubwa ya kuendesha.

Na jaribu kazi yako kwenye simu ya bei rahisi. Waraka wa kurasa 80 ulioskaniwa kwa rangi unaweza kuishiwa kumbukumbu kwenye simu yenye RAM ya GB 2, ukurasa ukafa bila neno. Mtumiaji hatajua ni RAM. Atadhani faili lake limeibwa. Ujumbe wa "simu hii haina nafasi ya kutosha, jaribu kurasa 20 kwanza, faili lako halijaguswa" unalinda imani kuliko cheti chochote.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ndiyo inayosajili wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Kenya na Uganda zilitunga za kwao mwaka 2019. Kwa mtengenezaji wa zana hili ni jambo la hesabu pia: faili ambalo hukulipokea huhitaji kulilinda, kulifuta wala kulitolea maelezo. Kwa sisi wa steshenari hakuna njia ya mkato ya namna hiyo, kwa sababu sisi tunapokea.

Agosti ile mama wa Nansio alirudi. Mahakama ilikuwa imeshampa usimamizi wa mirathi, na alikuwa na karatasi nyingine za kuunganisha. Safari hii nilifungua zana kutoka kwenye flashi, nikachomoa waya wa mtandao mbele yake, nikamweleza ninachofanya na kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa juu ya kaunta.

"Sawa baba," akasema. "Na zile za siku ile?"

Sikuelewa.

"Zile tano. Za mwezi wa tano. Ziko wapi?"

Nikafungua folda ya vipakuliwa nikapanga kwa tarehe. Zilikuwepo zote, na lile lililounganishwa, katikati ya mamia ya mafaili ya watu wengine, cheti cha kifo cha mumewe kikiwa cha kwanza na jina lake lote limeandikwa. Nilizichagua, nikazifuta. Nikamgeuzia kioo, nikafungua pipa la taka la kompyuta, nikalimwaga. Alisogea karibu, akaweka miwani, akasubiri mpaka akaona pipa ni tupu, ndipo akatoa pesa.

Jioni hiyo nilibaki na mwenzangu mpaka saa tatu usiku tukifuta yaliyobaki.